Mwaka wa Msingi Si Mwaka wa Wajinga

Wenzangu, mnacheka nini? Eti digrii ya kemia yenye mwaka wa msingi kule Uingereza ni ya waliofeli. Nani kawadanganya?

Tupige hesabu. Digrii yao ya miaka 3 inasimama juu ya Kidato cha 6. Sisi Kenya tuliishia Kidato cha 4. Mtihani wa mwisho wa Kidato cha 6 ulifanywa 1989. Ndiyo maana digrii ya kemia hapa ni miaka 4. Kule, 1 na 3 ni ngapi?

Kemia niliisoma ubaoni, maabara hatukuwa nayo. Leo nikapewe mwaka mzima wa kushika bureti, nione haya? Lawama mpeni anayeuza msingi kwa bei ya ghorofa!