Tantalamu inayotengeneza migongo ng'ambo, na migongo inayoibeba Masisi

Mjadala kuhusu koltani ya Rubaya, wilayani Masisi, kwa miaka mingi umezunguka vitu viwili: simu za mkononi na bunduki. Vyote viwili vina ushahidi wa kutosha. Lakini tantalamu, metali inayotolewa kwenye koltani, ina safari nyingine ambayo haitajwi sana Kivu Kaskazini. Sehemu yake huishia ndani ya miili ya watu, ikiwemo kati ya pingili za uti wa mgongo.

Hapo ndipo suala hili linapoigusa Masisi, na jirani yake Walikale, kwa namna ya pekee. Madini ya wachimbaji wadogo hutoka mlimani yakiwa mgongoni mwa watu. Mchimbaji anapoumia uti wa mgongo, iwe kwa kubeba au kwa kufukiwa na udongo, tiba ambayo madini hayo husaidia kuiwezesha kwingineko haiko karibu naye, na ni vigumu kumpata wa kuilipia.

Kifaa chenyewe

Kati ya pingili na pingili kuna diski, mfano wa mto mdogo. Nje ina ukanda mgumu wa nyuzinyuzi, ndani ina ute mzito. Diski ndiyo inayopokea mshtuko mtu anapotembea, anapoinama au anapobeba mzigo. Ukanda ukichanika, ute husukumwa nje na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu hushuka kutoka kiunoni hadi mguuni, na mguu unaweza kufa ganzi. Diski ikichakaa hupungua kimo, pingili hukaribiana, na matundu ya kupitishia mishipa ya fahamu huwa membamba.

Madaktari wa upasuaji wamekuwa wakitafuta cha kuweka mahali pa diski iliyoharibika tangu karne iliyopita. Diski bandia iliyopata umaarufu ilibuniwa katika hospitali ya Charité, Berlin Mashariki, miaka ya 1980. Mmoja wa wabunifu wake, Karin Büttner-Janz, alikuwa bingwa wa jimnastiki wa Olimpiki mwaka 1972 kabla ya kuwa daktari wa mifupa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha diski hiyo mwaka 2004. Aina hiyo huacha mgongo ukiendelea kujongea. Njia iliyozoeleka zaidi ni nyingine: diski huondolewa, kijisanduku kidogo huwekwa mahali pake, kisha mfupa huachwa uote hadi pingili mbili ziwe kitu kimoja.

Toleo jipya la vijisanduku hivyo ni vile vinavyotanuka. Huingizwa vikiwa vifupi, kupitia tundu dogo, kisha daktari huzungusha skrubu na kifaa kikainuka kama jeki ya gari mpaka kimo cha diski kirudi. Faida yake ni kwamba mfupa unaokatwa ni mchache na mishipa ya fahamu haivutwi sana. Hasara nazo zinajulikana. Bei yake ni kubwa kuliko ya vijisanduku vya kawaida, na kikiinuliwa kupita kiasi kinaweza kuzama ndani ya pingili, hasa kwa mgonjwa ambaye mifupa yake imedhoofika.

Tantalamu inaingia hapa kwa njia mbili. Vipandikizi vingi vya mgongo hutengenezwa kwa plastiki ngumu ya kitabibu ambayo haionekani kwenye eksirei. Ili daktari ajue kifaa kimekaa wapi, kiwanda hupachika ndani yake vipini vidogo vya tantalamu, metali nzito inayoonekana wazi kwenye picha na ambayo mwili hauikatai. Njia ya pili ni tantalamu yenye vitundu kama sifongo, ambayo mfupa huota na kuingia ndani yake. Kampuni ya Zimmer Biomet ya Marekani inajulikana kwa vipandikizi vya aina hiyo, vya nyonga na magoti.

Matumizi haya ni madogo. Kiasi kikubwa cha tantalamu huenda kwenye kapasita za vifaa vya elektroniki, na vipini vya kipandikizi kimoja kwa kawaida havifiki gramu moja. Wala hakuna awezaye kukitazama kipandikizi na kusema metali yake ilitoka kilima fulani, kwa sababu viwanda vya kuyeyusha huchanganya madini ya Kongo na ya Rwanda, Brazil, Nigeria na kwingineko. Hata hivyo, Rubaya peke yake inakadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantalamu yote duniani. Ni vigumu kwa sekta yoyote inayotumia metali hii kusema kwamba Masisi haiihusu.

Kilo 50 msituni

Walikale ndiyo iliyoacha picha iliyo wazi zaidi ya mzigo wenyewe. Mgodi wa Bisie, wa kasiteriti inayotoa bati, ulipovamiwa na wachimbaji wadogo mwanzoni mwa miaka ya 2000, haukuwa na barabara. Wabebaji walitembea msituni kwa makumi ya kilomita, wengine siku mbili, wakiwa na magunia ya kilo 50 mgongoni, hadi barabara kuu ambako ndege ndogo zilitua juu ya lami huko Kilambo kuchukua mzigo.

Kilo 50 si namba ya kupita hivi hivi. Pendekezo namba 128 la Shirika la Kazi Duniani, ILO, la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kuwa kikomo kwa mwanaume mtu mzima, kwa hiyo kwenye karatasi gunia la Bisie lilikuwa halali. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, huanza hesabu zake kwenye kilo 23, tena kwa mtu anayeinua mzigo katika mazingira mazuri, bila matope wala mteremko.

Utafiti uliofanywa kwa wachimbaji wadogo wa Katanga na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba zaidi ya 7 kati ya 10 walikuwa wamepata ajali kazini ndani ya miezi 12 iliyotangulia. Zana za mkono na kubeba mizigo mizito ndizo zilizoongoza kwa kusababisha ajali hizo. Katanga si Kivu, lakini sururu ni ile ile na gunia ni lile lile.

Bisie ya leo imebadilika. Kampuni ya Alphamin ilifungua barabara, ikaanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2019, na mwaka 2024 ilizalisha tani 17,324 za bati kwa mashine na malori. Ilisimamisha kazi Machi 2025 wapiganaji wa M23 walipoikaribia na kisha kuuteka mji wa Walikale, ikarejea Aprili baada ya wapiganaji hao kuondoka. Mashine ziliondoa gunia mgongoni mwa mbebaji. Ziliondoa pia kipato chake, na hilo linaeleza kwa nini vijana wengi huko hawaoni mgodi wa viwanda kuwa ukombozi.

Rubaya bado ni ya sururu na koleo. Na huko hatari kubwa kwa uti wa mgongo haitokani na gunia peke yake. Januari 2026, baada ya mvua, mashimo yaliporomoka na mamlaka zilizowekwa na M23 zikasema waliokufa ni zaidi ya 200. Idadi ya vifo ndiyo iliyobeba vichwa vya habari. Wanaotoka hai kwenye maporomoko ya namna hiyo mara nyingi hutoka na pingili zilizovunjika, na saa ya kwanza ndiyo inayoamua mengi. Mtu aliyevunjika mgongo akiinuliwa kwa mikono na miguu na kupakiwa kwenye pikipiki, mfupa uliovunjika unaweza kukata uti wa fahamu, na aliyekuwa na maumivu akawa amepooza.

Kutoka kilimani hadi chumba cha upasuaji

Hospitali ya rufaa ya Masisi imekuwa ikisaidiwa na Madaktari Wasio na Mipaka, MSF, na hutibu majeraha ya vita, utapiamlo na kipindupindu. Upasuaji wa uti wa mgongo ni jambo jingine. Unahitaji daktari bingwa, mashine ya picha inayofanya kazi wakati wa upasuaji, dawa ya usingizi ya uhakika na kipandikizi chenyewe. Goma ina HEAL Africa, hospitali iliyoanzishwa na daktari wa mifupa Jo Lusi, na ina CBCA Ndosho, ambako Msalaba Mwekundu, ICRC, umekuwa ukiendesha upasuaji wa majeruhi wa vita. Kuna pia kituo cha Shirika la Umoja, kinachotengeneza viungo bandia na kutoa mazoezi ya tiba. Lakini Goma yenyewe ilitekwa Januari 2025, uwanja wake wa ndege ukafungwa na mabenki yakasimama.

Nje ya mpaka, mgonjwa mwenye fedha anaweza kwenda Kigali, Kampala, Nairobi au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, ambako madaktari wa mgongo wamekuwa wakifanya mafunzo ya pamoja na wenzao wa Weill Cornell ya New York. Hata huko, gharama ya kipandikizi ni kikwazo kwa wagonjwa wengi. Kwa hiyo kusema kwamba Masisi inahitaji vipandikizi vinavyotanuka ni kuanzia mwisho.

Inachohitaji kwanza ni kidogo zaidi. Wagonjwa wengi wa diski iliyochomoza hupata nafuu bila kisu, ndani ya wiki au miezi michache, wakipata dawa za maumivu, mazoezi ya tiba na mapumziko ya kutobeba mizigo mizito. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu. Mchimbaji analipwa kwa alichotoa siku hiyo. Akipumzika wiki sita, nyumbani hakuna kinachopikwa. Si mwajiriwa, kwa hiyo mfuko wa hifadhi ya jamii, CNSS, haumtambui. Anarudi shimoni na mguu wenye ganzi.

Fedha zipo

Hoja kwamba hakuna fedha haisimami. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti mwaka 2024 kwamba M23, iliyoiteka Rubaya mwishoni mwa Aprili mwaka huo, ilikuwa ikikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na ushuru wa koltani. Kabla ya hapo serikali ya Kinshasa nayo ilikuwa na haki zake: amri ya Novemba 2018 iliiweka koltani kwenye orodha ya madini ya kimkakati yenye mrabaha wa asilimia 10. Sheria ya madini inagawa mrabaha huo asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa mamlaka za mitaa na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Katika hesabu hiyo hakuna fungu la mchimbaji aliyeumia.

Wanunuzi wa mbali nao wana karatasi zao. Kifungu cha 1502 cha sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010 kinazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Marekani zieleze kama tantalamu, bati, tungsteni na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au kwa majirani zake. Watengenezaji wakubwa wa vipandikizi, wakiwemo Medtronic na Zimmer Biomet, ni miongoni mwa wanaowasilisha taarifa hizo. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia kanuni yake Januari 2021. Swali linaloulizwa na sheria hizo ni kama madini yalimlipa mwenye bunduki. Lebo ya gunia ipo kwa ajili ya kufuatilia madini yalikotoka. Uzito wa gunia unapoandikwa, hauandikwi kwa ajili ya mgongo wa mbebaji.

Makubaliano ya Washington, yaliyotiwa saini Juni 2025 na mawaziri wa Kongo na Rwanda na kuthibitishwa na marais Desemba mwaka huo, yana sehemu ya ushirikiano wa kiuchumi inayogusa madini haya moja kwa moja. Mpango huo ukifika Rubaya, kuna mambo ambayo yangegharimu kidogo: magunia ya kilo 25, winchi za kamba kwenye mashimo marefu, machela ngumu na watu wachache katika kila kilima waliofunzwa kumbeba majeruhi bila kuupinda mgongo. Fedha zake zinaweza kukatwa kwenye kila tani inayopimwa, na hazihitaji kusubiri hospitali mpya ijengwe. Kwa sasa, anayeumia kilimani hutegemea ndugu zake, na wao ndio wanaotafuta pikipiki.