Jicho Lililoumizwa na Ushahidi Wake

Mwezi huu twataka kusema nanyi, akina baba na akina mama, na walimu wenzetu, juu ya jambo ambalo sisi wenyewe tulilikosea.

Mtoto wa jirani yetu alipigwa fimbo jichoni katika ugomvi wa ng'ombe walioingia shambani. Jioni wazee wakakutana, nasi tulikuwa miongoni mwao, tukasema, "Yaishe nyumbani." Mbuzi akatolewa. Bibi wa mtoto akamtia maji ya majani jichoni. Hata siku ya nane, jicho likiwa limejaa usaha, ndipo alipopelekwa hospitali; wala halikupona. Baba yake akaenda polisi. Mbele ya hakimu mshitakiwa akasema, "Fimbo yangu iligusa kope tu, lililoharibu jicho ni majani yao." Mganga alipoulizwa akajibu kwa haki kwamba siku ile ya nane hakuweza kupambanua. Hakimu akaona shaka, na shaka ni fungu la mshitakiwa. Akaachiliwa. Tangu hapo twamtazama mtoto yule kwa haya.

Basi na tujifunze. Sheria za Tanzania na za Kenya zahesabu kupotea kwa kuona kuwa madhara makubwa. Na huko Kenya adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Neno hili si deni la nyumba mbili tu, maana mwenye kushitaki ni Jamhuri. Mbuzi hafuti kosa hilo.

Mtu aliyepigwa hupewa karatasi na polisi: Tanzania huitwa PF3, Kenya huitwa P3. Mganga huandika humo jeraha alilolikuta na ukubwa wake, nayo huletwa mahakamani kuwa ushahidi. Lakini karatasi isimcheleweshe mgonjwa aliye katika hatari. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura.

Mganga mwangalifu hupima kwanza kuona kwa macho yote mawili, lililoumia na lililo zima, akaandika. Akiandika 6/60, maana yake mgonjwa huona kwa mita 6 kile ambacho mwenye macho mazima hukiona kwa mita 60. Hupima na lile zima kwa sababu jicho lililotobolewa laweza baadaye, hata baada ya miezi, kulitia lenzake ugonjwa. Yasipoandikwa mapema, nani atajua hali ilivyokuwa kwanza?

Nyumbani shikeni haya. Ikiwa ni chokaa au maji ya betri yaliyoingia jichoni, msingoje kitu: osheni mara moja kwa maji safi mengi, muda wa nusu saa, kisha nendeni hospitali. Ikiwa jicho limetobolewa, msilioshe, msilikande, wala msichomoe kijiti kilichokwama. Lifunikeni kwa kitu kigumu kisicholigusa, kama kitako cha kikombe cha karatasi. Msitie majani, wala maziwa, wala dawa iliyobaki ya mtu mwingine. Maana hayo huharibu jicho, tena huharibu na ushahidi. Fimbo, jiwe, au nguo yenye damu, wekeni bila kufua, mwape polisi. Andikeni siku, saa, na majina ya walioona.

Nanyi walimu, kumbukeni kwamba kiboko cha darasani nacho chaweza kurukia jichoni, na mkono wa mwalimu hushitakiwa kama mkono wa mtu mwingine.

Kupatanisha watu ni kazi njema, wala hatuiachi. Lakini mapatano na yaje nyuma ya mganga, na nyuma ya kweli iliyokwisha kuandikwa. Mbuzi yule aliliwa siku moja. Mtoto yule hutembea na jicho moja hata leo.