Gitaa la Mpwa Wangu

Jumamosi iliyopita dada yangu alipanda matatu Bungoma asubuhi na mapema, akashuka hapa Kitale na jambo moja tu moyoni: kulichukua gitaa la mwanawe akaliuze. Kijana yuko kidato cha tatu katika shule ya bweni hapa mjini, na siku za mapumziko hukaa kwangu. Ripoti ya muhula uliopita ilionyesha fizikia imeshuka kutoka B hadi C.

"Wewe ndiwe mjomba wake," aliniambia kabla hata ya kuketi. "Umemwachia kelele za walevi, sasa ona!"

Kelele zenyewe ni albamu ya bendi ya Queen ya Uingereza, A Night at the Opera, iliyotoka Novemba 1975. Nami nakiri, msomaji, nilikuwa nimezoea kumwambia apunguze sauti. Magitaa yananguruma, ngoma zinapigwa kama mvua ya mawe juu ya mabati. Lakini siku hiyo, dada akiendelea kufoka, wimbo mrefu uitwao Bohemian Rhapsody ulikuwa ukicheza kule chumbani. Ghafla akanyamaza.

"Huyo amesema Bismillahi?"

Ndiyo, amesema. Mwimbaji huyo, Freddie Mercury, alizaliwa Unguja mwaka 1946 katika familia ya Waparsi, akaitwa Farrokh Bulsara. Familia yake ilihamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964.

Kijana alipoona mama ametega sikio, akaona mlango umefunguka. Akatueleza kwamba wimbo huo una karibu dakika 6, wakati redio zilipenda nyimbo za dakika 3. Bendi ilishauriwa kuukata, ikakataa. Waimbaji watatu walizirekodi sauti zao tena na tena, wakazipanga moja juu ya nyingine hadi zikasikika kama kwaya nzima. Uingereza ulikaa nambari moja kwa wiki 9, ukarudi kileleni Freddie alipofariki mwaka 1991. Mwaka 2018 ilitoka filamu yenye jina la wimbo huo, nayo ndiyo iliyompeleka mpwa wangu kwenye albamu iliyotengenezwa kabla mama yake hajazaliwa.

"Na si walevi waliofeli, mama," akaongeza. Mpiga ngoma, Roger Taylor, alisomea biolojia. Wa gitaa la besi, John Deacon, elektroniki. Brian May alilitengeneza gitaa lake nyumbani akisaidiana na baba yake, kwa mbao za meko kuukuu. Aliacha masomo ya uzamifu kwa ajili ya muziki, akayarudia na kuhitimu mwaka 2007, katika fizikia ya nyota.

Dada akamtazama. "Fizikia? Basi wewe hiyo C umeitoa wapi?"

Kijana akainamisha kichwa. Mimi nikacheka, kisha nikaona haya. Mwaka mzima nimeishi na muziki huo ukutani, nisiulize hata siku moja anasikiliza nini, wala fizikia inamshinda wapi.

Gitaa halikuuzwa. Liko juu ya kabati langu, na litashuka fizikia ikipanda. Jioni nilimsindikiza dada stendi. Matatu ilipokaribia kuondoka, akachungulia dirishani.

"Ule wimbo," akasema, "mwambie anitumie kwa simu."