Sola Juu ya Paa, Karatasi Mkononi



Pita Mombasa, Malindi, Garissa au Eastleigh saa saba mchana, kisha inua macho. Paneli za sola ziko juu ya maduka, madrasa, misikiti na nyumba za watu. Waulize wenyewe swali moja tu: umeme ambao hamuutumii mchana unaenda wapi? Wengi watakwambia hauendi popote. Betri ikijaa, basi. Jua linawaka bure na paneli zimelala.

Sasa sikiliza. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019, sehemu ya 162, inasema mteja wa stima mwenye mtambo wake usiozidi megawati 1 ana ruhusa ya kuomba mkataba na kampuni inayosambaza umeme. Ule unaobaki unaingia kwenye laini ya stima, mita inahesabu unaotoka na unaoingia, na wewe unapunguziwa bili. Kanuni za kutekeleza sehemu hiyo zilitoka 2024, yaani miaka 5 baada ya sheria kupita. Kwa hivyo hili si jambo la matajiri wa Nairobi peke yao, wala si fadhila ya afisa fulani. Ni sheria ya nchi.

Tatizo ni kwamba haki iliyo kwenye karatasi ya serikali na haki uliyo nayo mkononi ni vitu viwili. Kati yake kuna dirisha, na nyuma ya dirisha kuna mtu. Sisi vijana wa Kiislamu wa nchi hii tunalijua dirisha hilo vizuri. Tumesimama mbele yake tukitafuta kitambulisho. Tumeambiwa leta cheti cha babu, leta mzee wa mtaa, njoo kesho, njoo Jumatatu. Ilibidi tufike Februari 2025 ndio Rais Ruto akatia saini, akiwa Wajir, tangazo la kuondoa ule msasa wa ziada uliokuwa ukiwapata watu wetu. Miaka yote hiyo wengi hawakupewa hata barua ya kukataliwa. Walirudishwa nyumbani kwa mdomo.

Na hilo ndilo somo la leo. "Njoo kesho" ni kukataliwa kusiko na sahihi. Hakuna wa kumlaumu, hakuna wa kumkatia rufaa. Hivyo basi, kila kijana anayetaka kuunganisha sola na laini ya stima, iwe ya nyumba, ya biashara au ya msikiti, aanze na kanuni moja: karatasi kwanza.

Mbona tunalipigia kelele jambo la sola? Chukua mfano wa msikiti. Paneli hutoa umeme mwingi kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Msikiti nao unatumia lini? Alfajiri giza, Magharibi jua limeshazama, Isha usiku. Ukiondoa Adhuhuri na Ijumaa, mchana mwingi feni zimezimwa na maikrofoni iko kimya. Yaani msikiti unatengeneza umeme wakati hauhitaji, na unauhitaji wakati hautengenezi. Bila mkataba, dawa ni kununua betri nyingi, na betri ndizo ghali, tena huchoka mapema kuliko paneli. Ukiwa na mkataba, ule umeme wa mchana unakusaidia kwenye bili ya usiku. Pesa zinazookolewa ni za waqfu. Ni za mwalimu wa madrasa na maji ya udhu. Kuziacha zikamwagika ni israfu, na sisi ndio wa kwanza kukatazwa israfu.

Biashara ni hesabu nyingine. Kinyozi, saluni, fundi wa kuchomelea, muuza samaki mwenye friza, hawa wanakula umeme mchana huo huo jua linapowaka. Kwao umeme wa kubaki ni kidogo, na faida kubwa ni kununua tokeni chache. Usikubali muuzaji akujazie paa paneli kwa ahadi kwamba utaiuzia KPLC utajirike. Hakuna pesa utakayotumiwa kwenye simu. Ni kupunguziwa bili tu, basi. Tena kwa nusu: ukipeleka uniti 10 kwenye laini, unahesabiwa 5.

Hapo kwenye nusu ndipo vijana wengi wanapokasirika, na wana haki ya kuuliza. Lakini tuwe waadilifu, tusikie na upande wa pili. Nguzo, nyaya, transfoma na fundi anayeamka usiku wa mvua vina gharama. Mwenye nyumba kubwa akijaza sola paani na kuacha kulipia laini, ilhali bado anaitegemea usiku, mzigo huo utamwangukia nani? Utamwangukia mama wa Majengo anayenunua tokeni ya shilingi mia, ambaye hana paa lake wala pesa ya paneli. Hoja hiyo ni nzito na hatuwezi kuipuuza tukajiita watetezi wa haki. Ila jibu lake si kutupa nusu na kunyamaza. Jibu ni kuonyesha hesabu hadharani: gharama ya laini ni kiasi gani, na kwa nini iwe nusu, isiwe robo tatu au robo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kuuliza hivyo.

Garissa kuna mtambo wa sola wa megawati 50, uliofunguliwa Desemba 2019, na umeme wake unaingia kwenye laini ya taifa. Kwa hivyo hakuna anayebisha kwamba jua la kwetu lina thamani. Tunachosema ni kwamba thamani hiyo isiishie kwa mtambo mkubwa. Ifike pia kwenye paa la mabati la nyumba ya Bondeni na la duka la Bula Iftin.

Kuna ndugu watasema: mambo ya barua ni marefu, fundi wangu ataunganisha tu kimyakimya. Wallahi, usifanye hivyo. Transfoma ya mtaa inashusha umeme kutoka volti 11,000 au zaidi mpaka 240 unazotumia nyumbani. Ukisukuma umeme wako kwa upande wa pili, transfoma hiyo hiyo inaupandisha tena. Stima imepotea, fundi yuko juu ya nguzo akiamini laini imekufa, kumbe wewe uko chini unaipa uhai. Hiyo ni roho ya mtu. Ndio maana inveta halali ya kuunganishwa na laini hujizima yenyewe stima inapokatika. Na jua hili mapema: kama huna betri, stima ya KPLC ikipotea na sola yako inapotea, hata kama ni saa sita mchana.

Haya, tufanye nini? Mambo ni matano.

Kwanza, nyoosha jina. Angalia akaunti ya stima iko kwa jina la nani. Nyumba ngapi za Old Town na Kisauni bado akaunti ni ya marehemu babu, mirathi haijagawanywa? Misikiti mingapi akaunti ni ya mzee aliyesimamia ujenzi, si ya wadhamini? Ombi la mtu aliyefariki haliendi popote. Na asiye na kitambulisho hana pa kuanzia, kwa hivyo kamilisha hilo sasa.

Pili, tafuta fundi mwenye leseni ya EPRA. Kwa sola ya kuunganishwa na laini, uliza leseni ya T3. Akikwambia leseni iko nyumbani, mwache naye aende nyumbani.

Tatu, andika. Peleka ombi kwa maandishi pamoja na mchoro wa mfumo na nakala ya leseni ya fundi. Baki na nakala yako iliyogongwa muhuri au barua pepe yenye tarehe. Uliza kwa maandishi mita itagharimu nini, nani atailipia na jibu litatoka lini. Usiwashe mfumo kabla ya kukaguliwa na kupewa idhini.

Nne, usitoe kitu kidogo. Rushwa ni haramu, hilo tunalijua. Ila pia ni upumbavu, maana anayepata njia kwa rushwa hana risiti, na kesho akisumbuliwa hana pa kusimama.

Tano, ukinyamaziwa, usinyamaze. Kifungu cha 47 cha Katiba kinataka uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka, wa haki na wa kisheria, na anayeathirika apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu ukiomba habari. Zikipita, kuna EPRA, kuna Tume ya Haki ya Utawala, na kuna Mahakama Maalum ya Kawi na Petroli. Milango hii yote inafunguliwa na ufunguo mmoja, nao ni karatasi yako yenye tarehe.

Wala usiende peke yako. Barua moja inapotea kwenye droo. Misikiti 10 ya mtaa mmoja ikipeleka maombi 10 wiki moja, na kila moja ina nakala, hiyo haipotei. Lamu walitufundisha hilo. Juni 2019 wananchi wa kawaida, wavuvi na akina mama, waliifanya leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe ifutwe mbele ya mahakama maalum ya mazingira. Hawakuwa na pesa za mwekezaji. Walikuwa na rekodi, mashahidi na subira. Kama watu wa kwetu waliweza kusema hapana kwa makaa ya mawe, tunaweza kusema ndiyo kwa jua, na kwa njia ile ile.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, haizungumzii vita wala ndoa. Inazungumzia kuandikiana deni na muda wake, na kuweka mashahidi. Dini inayotuamrisha kuandika deni la sokoni haiwezi kuridhika tukiacha haki zetu zikae kwa mdomo wa afisa.

Ijumaa hii baada ya swala, muulize katibu wa msikiti wenu swali moja: akaunti yetu ya stima iko kwa jina la nani? Anzeni hapo. Jibu likiwa "sijui", basi kazi mnayo, na kazi yenyewe ni ya kijana mmoja mwenye simu na asubuhi moja.

Allah atufanyie wepesi. Wabillahi tawfiq.