Malezi Mema Hayatoshi Peke Yake

Wahenga walinena: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Methali hii huisikia mara nyingi darasani, mwanafunzi mpenzi, lakini ni nadra kuipima kwa maisha ya kiongozi wa taifa. Tuipime leo kwa Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia.

Baba yake, David Kaunda, alikuwa mwalimu na mhubiri wa Kanisa la Uskoti. Alitoka Livingstonia, katika nchi iitwayo leo Malawi, akaenda kufundisha miongoni mwa Wabemba wa Chinsali. Mama yake, Helen, alikuwa mmoja wa wanawake Waafrika wa kwanza kuwa walimu katika nchi hiyo. Kenneth, kitindamimba wa watoto wanane, alizaliwa mwaka 1924 katika misheni ya Lubwa. Baba alifariki mtoto akiwa na umri wa miaka minane, na mzigo wa malezi ukabaki kwa mama. Ada ya shule, shilingi mbili na nusu tu, ilimshinda. Jirani mwema ndiye aliyewakopesha. Baadaye kijana huyo alirudi Lubwa akawa mwalimu mkuu.

Je, methali imethibitika? Kwa sehemu tu. Kiongozi huyo aliyehubiri utu ndiye aliyeiingiza nchi katika utawala wa chama kimoja mwaka 1972. Raia walipodai mabadiliko, vyama vingi vikarejeshwa, na katika uchaguzi wa Oktoba 1991 Kaunda akashindwa na Frederick Chiluba. Alikubali matokeo, akakabidhi madaraka kwa amani baada ya miaka 27.

Kwa maoni yangu, mambo haya mawili yafundishwe pamoja. Mwalimu wa dini, wazazi na hata jirani hupanda dhamiri, na bila dhamiri sheria hubaki maandishi matupu: mshindwa huweza kukataa kuondoka. Lakini dhamiri ya mtawala haiwezi kushika nafasi ya katiba, kura na raia wasioogopa kusema. Lubwa ilimlea Kaunda. Wapiga kura wa Zambia ndio waliomkumbusha mipaka yake.

Basi utakapoandika insha juu ya methali hii, usiishie kuyasifu malezi. Uliza pia: aliyelelewa vyema akipotoka, nani atamwambia?