Viyeyushi vya Kijani: Jina Peke Yake Halitoshi

Betri za lithiamu zinapochakaa hazifai kuhesabiwa kuwa takataka. Nyingi za zile za simu zina kampaundi ya lithiamu, kobalti na oksijeni, LiCoO₂, na mwanafunzi mwenye jedwali la elementi aweza kukokotoa mwenyewe kwamba asilimia 60 ya uzito wake ni kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, hasa pande za Kolwezi, ambako wachimbaji wadogo, wakiwamo watoto, wameilipia kwa afya zao. Kuirudisha metali hiyo kutoka katika betri kuukuu ni jambo la busara. Linalobishaniwa ni kimiminiko cha kuiyeyushia.

Njia iliyozoeleka ni asidi ya sulfuriki pamoja na haidrojeni peroksidi. Peroksidi huipa elektroni kobalti yenye chaji 3+, ambayo haiyeyuki kwa urahisi mpaka ishuke kuwa 2+. Tukitumia asidi ya hidrokloriki peke yake, elektroni hizo hutolewa na kloridi, na gesi ya klorini huzuka. Kwa vyovyote vile hubaki maji machafu yenye asidi na chumvi. Ndiyo sababu wanakemia wametafuta viyeyushi vinavyoitwa “vya kijani”, yaani visivyodhuru mazingira.

Mwaka 2003 Andrew Abbott na wenzake wa Leicester, Uingereza, walieleza mchanganyiko wa kolini kloridi, ambayo hutiwa katika chakula cha kuku, na yurea, ambayo mkulima huijua kuwa mbolea. Ya kwanza huyeyuka katika nyuzi 302 za Sentigredi, ya pili katika 133. Zikichanganywa kwa mole 1 kwa 2, huyeyuka katika nyuzi 12 tu. Fundi wa redio hatashangaa: risasi huyeyuka katika nyuzi 327 na bati katika 232, lakini mchanganyiko wao wa kulehemu huyeyuka katika 183.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, waliweka ethilini glikoli mahali pa yurea, wakapasha moto sana, na kupata asilimia 90 au zaidi ya kobalti na ya lithiamu. Habari hiyo ilipokewa kwa shangwe. Lakini mwaka 2022 wanakemia wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba kiyeyushi hicho, katika nyuzi 180, huvunjika chenyewe na kutoa trimethilamini na 2-kloroethanoli. Hiyo ya pili ni sumu kali.

Watafiti wa kwanza hawastahili lawama, maana kujaribu ndiyo kazi yao. Ninayoyalaumu ni mazoea ya kupima usafi wa kiyeyushi kwa viungo vyake kabla havijatiwa motoni. Chakula cha kuku ni salama bandani; ndani ya tanuri ni kemikali kama nyingine. Yafaa tuulize pia ni nishati kiasi gani iliyotumika, na kama kiyeyushi chenyewe chaweza kutumika tena. Asidi ya sulfuriki iliyosafishwa na kurudishwa kazini huenda ikakishinda kiyeyushi cha kijani kinachotupwa baada ya safari moja. Wana Leuven hao hao walikuwa wameonyesha, mwaka 2020, njia inayonivutia zaidi: kolini kloridi pamoja na asidi ya sitriki, ile ya ndimu, katika nyuzi 40 tu, huku shaba na aluminiamu zilizomo ndani ya betri zenyewe zikitoa elektroni.

Walimu wanaweza kulipeleka suala hili darasani kwa hesabu za mole na milinganyo. Betri yenyewe isifunguliwe kamwe. Yaweza kulipuka moto, na chumvi ya LiPF₆ iliyomo, ikikutana na unyevu wa hewa, hutoa haidrojeni floridi, ambayo huunguza ngozi na mapafu.