Mchoraji Hasubiri Sanduku la Rangi

Yako maneno yanayopita shuleni kwetu kama sarafu mbovu: kwamba mtoto wa maskini hawezi kuwa mchoraji, kwa kuwa rangi ni ghali, brashi ni ghali, na kitambaa cha kuchorea hakiuzwi katika soko la Runyenjes. Wazazi huyasema kwa huruma, walimu kwa uvivu, na wanafunzi kwa kujitetea. Mimi nasema ni uongo, nami nakuomba, msomaji, unisikilize kabla hujayapokea tena.

Shika barabara itokayo Embu, upite Runyenjes na Chuka, nawe utafika Meru. Huko alizaliwa Rosemary Karuga mwaka 1928. Mwaka 1950 aliingia Makerere, Uganda, katika shule ya sanaa iliyoasisiwa na Margaret Trowell, akajifunza kuchora na kuchonga mpaka 1952. Hutajwa kuwa mwanamke wa kwanza kuhitimu pale. Kisha alirudi Kenya akawa mwalimu, na miaka mingi ikapita kabla ulimwengu haujamjua kwa picha.

Alipoishika tena sanaa kwa nguvu, katika miaka ya 1980, umri wake ulikaribia miaka 60, na rangi zilikuwa ghali kwake kama zilivyo ghali kwako. Je, aliketi akalia? La. Alitwaa karatasi za sabuni ya Rexona na pakiti za unga, akazikata vipande vidogo vidogo, akavibandika kwa gundi kimoja kando ya kingine, mpaka vikawa wanyama na watu wa mashambani.

Fikiri kazi hiyo ilivyo. Mwenye rangi za maji akikosa kahawia, huichanganya kwa brashi. Mwenye karatasi hana la kuchanganya: hana budi aitafute kahawia katika pakiti, na akiipata, aamue kama itakuwa mgongo wa mnyama au udongo chini ya kwato zake. Brashi huweza kuficha kosa kwa kupaka juu yake. Mkasi hauna huruma hiyo. Kwa hiyo picha zake zina kingo kali, na miili yake imejengwa kipande kwa kipande kama ukuta wa mawe. Mtindo huo hakuupewa na mtu. Makerere ilimpa jicho linalojua umbo, na uhaba ukampa njia. Mmoja wa walimu hao wawili angekosekana, picha zile zisingalikuwapo.

Atasema mpinzani: kubandika karatasi si jambo jipya, Picasso na Braque walilifanya Ufaransa mwaka 1912. Ni kweli, wala sioni aibu kulikubali. Lakini jembe halimfanyi mkulima kuwa mwigaji wa mhunzi. Mbinu ni jembe. Mavuno ni ya aliyelima. Elimo Njau, aliyeshiriki kuanzisha Paa ya Paa mjini Nairobi mwaka 1965, aliwaonya wasanii kwamba kuiga humlaza Mungu usingizi. Hakuwakataza kujifunza kwa wengine. Aliwakataza kuazima macho ya wengine.

Na hapa sharti niungame. Zamani kidogo, katika darasa langu, mwanafunzi mmoja aliniletea simba aliyemnakili kutoka kalenda, safi kila unywele. Mwingine alileta kuku wa mama yake, aliyechorwa kwa makaa juu ya mfuko wa kaki, mguu mmoja juu, shingo imenyooka kama anayesikia hatua za mtu. Nilimsifu wa simba. Wa kuku nikamwambia atafute karatasi nzuri. Hakuniletea picha tena. Sikumnyima karatasi peke yake; nilimnyima imani, na hiyo haiuzwi dukani.

Usinielewe vibaya. Sisemi kwamba umaskini ni baraka, wala siwapi wakuu wa shule kisingizio cha kutonunua rangi. Mtaala wa sasa umeipa sanaa njia yake katika sekondari ya juu, na njia hiyo yataka vifaa. Nasema hivi tu: kifaa kikichelewa, jicho lisichelewe. Aliyezoea kungoja ataletewa sanduku la rangi, naye ataitumia rangi hiyo kunakili simba wa kalenda, maana hajawahi kumtazama kuku.

Mwaka 1990 picha za Karuga zilionyeshwa New York, katika jumba la Studio Museum in Harlem, naye alikuwa mwanamke pekee kati ya wasanii wa Afrika waliochaguliwa. Alifariki Ireland mwaka 2021. Pakiti ambazo sisi huzitupa jalalani zilivuka bahari zikatundikwa ukutani watu wazitazame.

Basi, msomaji, jioni hii usiulize una rangi gani. Uliza umeona nini leo ambacho mwenzako amekipita: majani ya chai yanavyong'aa baada ya mvua, au mikono ya mama apimaye maharagwe sokoni. Kisha chukua makaa, chukua karatasi ya sukari, uanze. Na mwalimu wako akikwambia utafute karatasi nzuri, msamehe, uendelee kuchora.